Sanamu ya Bronzi Huanzia kwenye Nta

Mwezi Juni 2025 Uholanzi iliikabidhi Nigeria vitu 119 vya sanaa vya ufalme wa kale wa Benin, sehemu ya hazina iliyoporwa na jeshi la Uingereza mwaka 1897. Kila habari ya namna hii inapotangazwa, maswali huwa yaleyale. Wapo wanaodhani vitu hivyo ni vya nchi ya Benin, kumbe ufalme wenyewe ulikuwa ndani ya Nigeria ya leo, na mji wake, Benin City, upo mpaka sasa katika jimbo la Edo. Wapo wanaouliza watu wa zama zile waliwezaje kuchonga metali ngumu kiasi kile, hata ushanga wa shingoni mwa mfalme ukahesabika mmoja mmoja. Na siku hizi limeongezeka swali la vijana walioona kwenye simu zao mtu akimimina metali inayowaka kama kaa la moto nyuma ya nyumba yake: je, hata mimi naweza?

Swali la pili likijibiwa vizuri, la tatu nalo linakuwa limepata nusu ya jibu. Hakuna aliyechonga metali. Kilichochongwa ni nta, laini kiasi cha kufinyangika kwa kidole, na metali ikaja baadaye kuchukua nafasi ya nta hiyo. Video zinaonyesha dakika moja ya moto kwa sababu ndiyo inayovutia macho. Kazi yenyewe iko katika siku zinazoitangulia dakika hiyo, na anayetaka kujaribu nyumbani ni lazima aielewe sehemu isiyoonyeshwa, kwa ajili ya sanamu yake na kwa ajili ya ngozi yake.

Tuelewane majina

Shaba nyekundu ni metali tunayoiona ndani ya nyaya za umeme. Ukiichanganya na bati unapata bronzi. Kipimo cha kawaida cha sanamu ni sehemu tisa za shaba kwa sehemu moja ya bati. Ukiichanganya na zinki unapata brasi, ile ya manjano ya koki za maji, makufuli na vitasa vya milango. Mitaani zote tatu huitwa shaba, hata medali ya mshindi wa tatu, na katika mazungumzo hakuna ubaya. Kwenye tanuri tofauti yake ni kubwa, kama tutakavyoona tukifika kwenye moshi. Bati ninalolisema hapa si mabati ya kuezekea. Yale ni chuma kilichopakwa zinki. Na hizo zinazoitwa bronzi za Benin magazetini, nyingi zikipimwa ni brasi.

Kusubu ni kumimina metali iliyoyeyuka ndani ya umbo tupu ili igande na kuchukua sura ya umbo hilo. Umbo tupu lenyewe ndiyo kalibu. Joto lote nitakalolitaja ni la nyuzi za sentigredi.

Kwa nini nta, si mchanga?

Kusubu si jambo geni kwetu. Katika ukanda wa shaba wa Katanga, mafundi wa zamani walimimina shaba kwenye vishimo vya wazi vyenye umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikatumika kama fedha karne nyingi kabla ya Wabelgiji. Leo mafundi wa Gikomba, Nairobi, wanayeyusha alumini chakavu na kusubu vyombo ndani ya makasha ya mchanga.

Mchanga una sharti moja: kielelezo ulichokikandamiza humo ni lazima kichomolewe kabla ya kumimina. Sufuria inachomoka. Sasa fikiria mtu mdogo wa kuchonga, mkono mmoja kiunoni, shanga shingoni, kikapu kichwani. Ukijaribu kumchomoa kwenye mchanga, kila mkunjo unang'oa ukuta wa kalibu. Hapo ndipo nta inapokuwa dawa, kwa sababu haihitaji kuchomolewa. Unaifinyanga sanamu kwa nta, unaizungushia udongo au jasi, ile ya mapambo ya dari, pande zote, unapasha moto, nta inayeyuka na kutoka kwa njia uliyoiachia. Ndani kunabaki uwazi wenye umbo kamili la sanamu yako. Uwazi huo ndio unaojazwa metali, kisha kalibu inavunjwa.

Kwa maana hiyo, kila kalibu inatumika mara moja tu. Wengi wanasikia hivyo wakadhani kila sanamu ni lazima iwe ya pekee. Si lazima. Ukitaka nakala kumi, unatengeneza kwanza kalibu ya mpira au ya jasi kwa ajili ya kutolea sanamu za nta, kisha kila nta inazungushiwa udongo wake. Kinachopotea ni nta na udongo. Umbo la awali unabaki nalo.

Mbinu hii ni ya kale sana. Hirizi ndogo ya shaba yenye umbo la gurudumu, iliyopatikana Mehrgarh katika Pakistan ya leo, ina umri wa miaka 6,000 hivi na ilisubuliwa kwa nta. Kwa Afrika, mtu aliyekuwa akichimba kisima cha kuhifadhia maji huko Igbo-Ukwu, mashariki mwa Nigeria, mwaka 1938 alikumbana na vyombo vya bronzi ambavyo uchimbaji wa kitaalamu ulikuja kuonyesha kuwa ni vya karne ya 9 hivi. Wareno walifika pwani ile katika karne ya 15. Kwa hiyo yale maneno kwamba Waafrika walifundishwa kusubu na Wareno hayana pa kusimama. Kwetu pwani tunayo siwa ya Lamu, baragumu kubwa ya metali ya jamii ya shaba iliyosubuliwa na kunakshiwa, inayotunzwa katika makumbusho ya Lamu. Dada yake wa Pate ni wa pembe ya ndovu.

Nta na mirija yake

Nta ya nyuki ndiyo iliyotumika tangu enzi, na upatikanaji wake kwetu si tatizo: Tanzania huuza nta nje ya nchi, na Tabora ina jina kubwa kwa asali na nta. Nta ya mshumaa peke yake ni kavu na hukatika. Ukiichanganya na ya nyuki inakubali kufinyangwa. Ukiwa Dar es Salaam au Mombasa adhuhuri ya Februari, nta italegea mkononi kabla hujamaliza pua. Weka bakuli la maji baridi kando, uichovye kila ikilegea. Vifaa ni vya nyumbani: kisu kilichochakaa, sindano ya kushonea, kijiko, na moto wa mshumaa wa kuvipashia. Chukua muda hapa. Chochote kilicho juu ya nta, hata alama ya kidole gumba, kitatokea kwenye metali, na kasoro inayofutika kwa sekunde tano kwenye nta itakugharimu saa nzima ya tupa kwenye bronzi.

Unene una sheria yake. Metali inapoganda hujivuta, na sehemu nene hupoa mwisho. Ikipoa mwisho huku jirani zake zimeshaganda, inajinyonya yenyewe na kuacha bonde au ufa. Kwa hiyo jitahidi unene usipishane sana. Sanamu ya ukubwa wa kidole gumba inaweza kuwa nzima ndani. Kubwa kuliko hapo, kwa mfano kichwa cha ukubwa wa ngumi, inapaswa kuwa na uwazi ndani: unaanza na bonge la udongo, unalifunika kwa nta ya milimita nne au tano, kisha unachoma misumari myembamba ipite kwenye nta mpaka kwenye udongo, vichwa vikibaki nje. Nta ikishatoka, misumari hiyo ndiyo itakayolishikilia bonge la ndani lisiangukie ukuta. Sanamu kubwa za bronzi za mijini, kama ile ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927, watu huziona kama pande zima la metali. Sanamu ya ukubwa ule huwa ni ganda, tena mara nyingi ganda la vipande vilivyounganishwa.

Sasa njoo kwenye jambo linalowashinda wengi. Chukua dumu la lita 20 lililojaa maji, ligeuze ghafla mdomo chini. Maji hayatiririki, yanakoroma, gulu, gulu, gulu, kwa sababu hewa inagombea kuingia kwa mlango uleule ambao maji yanatokea. Kwenye kalibu mambo ni hayohayo kinyume chake: metali inaingia, hewa inataka kutoka, na mlango ni mmoja. Tofauti ni kwamba maji yanaweza kusubiri. Bronzi haisubiri, katika sehemu nyembamba huganda ndani ya sekunde chache, na pale hewa iliponaswa sanamu inatoka haina sikio, au haina mguu.

Ndiyo maana kabla ya kuifunika sanamu unaibandikia mirija ya nta. Mmoja mnene, wenye kikombe juu yake, ni wa kuingizia metali. Mingine myembamba inaanzia kwenye ncha zote za juu, kama vidole, pembe na ncha za masikio, kulingana na sanamu itakavyolala ndani ya kalibu, na kutokeza nje. Hiyo ni ya hewa. Mafundi wengi hupenda metali iingie kwa chini na kupanda, kwa sababu inapanda kwa utulivu ikiisukuma hewa mbele yake. Mrija wa kuingizia uwe mnene kuliko sehemu unayoilisha, ili wenyewe ugande mwisho na kuendelea kuipa sanamu metali wakati inajivuta. Mwanafunzi anayebana mirija kwa kuogopa kazi ya kuikata baadaye huishia kuwa na mirija mizuri na sanamu mbovu.

Pima uzito wa nta yote, sanamu pamoja na mirija, kabla ya kufunika. Bronzi ni nzito kuliko nta mara tisa na kidogo, kwa hiyo zidisha kwa kumi ili ubaki na ziada. Nta ya gramu 60 itataka gramu 600 za metali. Hesabu hii ni rahisi, na metali ikiisha katikati hakuna kuongezea.

Kalibu: udongo au jasi

Njia ya Afrika Magharibi ni ya udongo. Tabaka la kwanza ni uji wa udongo laini uliochanganywa na unga wa mkaa, unapakwa kwa brashi taratibu mpaka uingie kila mkunjo. Hilo ndilo linalobeba nakshi. Likikauka kivulini unapaka jingine, kisha matabaka ya nje yenye mchanga, kinyesi cha ng'ombe au punda, na majani yaliyokatwakatwa. Kinyesi na majani vitaungua na kuacha vitundu vidogo ambavyo gesi itapenyea, na pia vinazuia ufa. Udongo wa kichuguu ni mzuri kwa kustahimili moto. Wahaya wa Kagera waliujua ubora huo. Tanuri zao za kuyeyushia chuma zilijengwa kwa udongo wa vichuguu, na watafiti walizishuhudia zikiwashwa upya miaka ya 1970.

Njia ya pili ni ya jasi. Jasi peke yake hupasuka kwenye moto, kwa hiyo changanya sehemu moja ya jasi na sehemu mbili za mchanga laini au unga wa tofali lililochomwa. Nta hukataa maji, basi ipake kwanza maji yenye tone la sabuni ya vyombo, upake uji wa jasi kwa brashi, ndipo uiweke sanamu ndani ya kopo na kumimina uliobaki. Kwa anayeanza, jasi ni ya haraka. Kwa mtu wa kijijini aliyezungukwa na udongo mzuri sioni sababu ya kununua.

Vumbi la mchanga laini na tofali lina madini ya silika. Ndilo lililowaharibia mapafu wachimbaji wengi wa tanzanite kule Mererani, na madhara yake hayarudi nyuma. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi, inayobana uso, kila unapochanganya na kila unapovunja kalibu. Kitambaa cha kufunga mdomoni hakitoshi.

Ukavu

Kama utasoma sehemu moja tu ya makala hii, soma hii.

Maji yakigeuka mvuke huchukua nafasi kubwa kuliko awali mara 1,700 hivi. Kijiko kimoja cha maji kilichojificha ndani ya kalibu, kikikutana na bronzi ya nyuzi 1,100, hakina muda wa kutoka polepole. Kinalipuka, na kinachoruka ni metali. Watu hudhani hatari ya kusubu ni ukali wa moto. Moto unauona na unaukwepa, unyevu huuoni. Kalibu inaweza kuonekana kavu kabisa, nyeupe na ngumu, na bado ikawa na maji mengi katikati. Tena jasi ina maji ya aina mbili: yale uliyokorogea, na yale yaliyofungwa ndani ya jasi yenyewe ambayo hayatoki kwa jua wala kwa kungoja wiki. Yanatolewa na moto tu.

Kwa hiyo uchomaji wa kalibu ni wa hatua. Kwanza joto la chini, kama la tanuri ya mkate, kalibu ikiwa imegeuzwa mdomo chini juu ya chombo cha kupokea nta. Nta inatiririka, ikinge, utaitumia tena. Hapa angalia moto: nta ikishika moto izime kwa kufunika au kwa mchanga mkavu, usithubutu kumwaga maji. Kisha pandisha joto taratibu kwa saa kadhaa mpaka karibu nyuzi 600 au 700, ambapo ndani ya tanuri, gizani, utaona wekundu uliofifia. Usiende mbali zaidi ya hapo kwa jasi, inaharibika. Kaa katika joto hilo kwa saa nyingi. Kalibu ya ukubwa wa kopo la maziwa inaweza kula usiku mzima. Ukiharakisha, nta iliyobaki inachemka na kupasua ukuta.

Utajuaje kwamba imekauka? Mdomo wa kalibu, ambao kwanza unakuwa mweusi kwa masizi ya nta, unarudi kuwa mweupe ndani. Kisha shikilia kwa koleo kipande cha kioo au cha chuma baridi juu ya tundu la hewa. Kikifunikwa na ukungu, maji bado yapo na kazi inaendelea. Kisipopata ukungu kabisa, upo tayari. Usiiache kalibu ipoe usiku kucha, hasa pwani ambako hewa ina unyevu. Metali inatakiwa ikute kalibu ingali na joto, ili isigande kabla ya kufika mwisho.

Msimu wa masika si msimu wa kusubu kama huna paa la juu na sakafu kavu.

Metali, na moshi wake

Hapa ndipo majina yale ya mwanzo yanapolipa. Zinki huchemka ikifika nyuzi 907, na brasi nyingi huyeyuka karibu na hapo hapo. Maana yake, ukiyeyusha koki za zamani, zinki inapanda hewani kama moshi mweupe na vipande vyepesi kama utando wa buibui. Ukiuvuta, saa chache baadaye unapata homa, baridi na maumivu ya mwili, dalili ambazo mtu yeyote wa kwetu atazidhania malaria. Mara nyingi hupita baada ya siku moja au mbili, lakini si jambo la kulizoea. Koki za zamani mara nyingi zina metali ya risasi pia, na hiyo haitoki mwilini kirahisi, na kwa watoto ni mbaya zaidi. Mafundi wa kuchomelea wanaambizana kunywa maziwa ili kusafisha kifua. Maziwa yanakwenda tumboni; moshi umekwenda kwenye mapafu. Kinga ni kutouvuta: fanya kazi nje, upepo ukiwa mgongoni kwako, na uiache brasi mpaka uwe na uzoefu na barakoa yenye kichujio cha moshi wa metali.

Anayeanza na atumie shaba nyekundu safi na bati safi. Shaba inayeyuka kwa nyuzi 1,085, bati kwa 232 tu, kwa hiyo shaba hutangulia na bati huingia mwishoni. Mchanganyiko wake unakuwa umeyeyuka wote kwenye nyuzi 1,000 hivi, chini ya shaba peke yake, na unatiririka vizuri zaidi ndani ya nakshi ndogo. Ndiyo faida ya bronzi. Ukiongeza bati mpaka robo hivi unapata metali ya kengele, yenye sauti nzuri lakini inayovunjika ikidondoka. Wapo wanaopata vipande vya bronzi ya silikoni, yenye shaba asilimia 95 na silikoni 4 hivi, na hiyo ni rafiki mkubwa wa wasanii kwa sababu haina risasi na moshi wake ni mdogo.

Shaba itoke wapi? Swali hili lina uzito kwetu. Januari 2022 Kenya ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu baada ya minara ya umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani. Transfoma zinazoibwa huziacha zahanati na visima bila umeme, na mafuta yake yanaweza kuwa na sumu. Nunua mabaki kwa fundi umeme unayemjua au kwa mfanyabiashara mwenye leseni, chukua risiti. Na usichome nyaya kuondoa plastiki; moshi wake ni sumu kwako na kwa majirani. Menya kwa kisu. Ni kazi ya mchana mmoja.

Kuyeyusha na kumimina

Wengi hudhani mkaa hauwezi kuyeyusha shaba. Unaweza, ukipata upepo. Mababu walitumia viriba. Leo feni ndogo ya kupulizia na bomba la chuma vinatosha, ndani ya tanuri ndogo ya matofali ya moto. Gesi ya kupikia yenye kichomeo kizuri nayo inafaa. Usifanye ndani ya nyumba hata mlango ukiwa wazi: hewa ya mkaa inaua bila harufu. Na aliyezoea kuyeyusha alumini kwa nyuzi 660 asidhani ameshahitimu. Kopo la chuma linaloweza kuhimili alumini linaweza kutoboka kwenye joto la bronzi. Nunua chungu cha grafiti na udongo, kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Mavazi ni ya pamba nzito au ngozi, viatu vya ngozi vilivyofunika mguu, suruali ikifunika viatu, kinga ya uso wote. Nailoni huyeyukia mwilini, na kandambili hapa ni msiba. Kalibu izikwe kwenye ndoo ya mchanga mkavu, na chini pawe mchanga mkavu, si sakafu ya saruji, kwa sababu saruji ina unyevu na ikimwagikiwa metali hurusha vipande. Koleo, kijiko cha kuondolea takataka za juu, vyote vipashwe joto kwanza. Hata kipande cha bati unachoongeza kipashe, kisije kikaingia na umande. Mahali pa dharura ni sehemu ya kazi: kalibu ya akiba, au kishimo kikavu cha mchanga, pa kumimina metali itakayobaki.

Uwe na mwenzako, na kabla ya kuwasha moto fanyeni mazoezi ya mwendo wote chungu kikiwa tupu: nani anafunua, nani anashika, anapita wapi, anageukia wapi. Watoto na kuku wafungiwe mbali. Kisha metali ikifika nyuzi 1,100 na kidogo, futa takataka za juu, na mimina kwa mkondo mmoja usiokatika mpaka uone metali ikichomoza kwenye mirija ya hewa. Ukisita katikati, juu panaganda na utabaki na mstari unaoigawa sanamu.

Iache igande na kupoa polepole. Kalibu ya udongo inavunjwa kwa nyundo ndogo. Ya jasi ikiwa bado ina joto la wastani inalegea ikiingizwa kwenye maji. Mirija inakatwa kwa msumeno, inawekwa kwa kuyeyushwa siku nyingine, kisha ni tupa, msasa na patasi ndogo. Rangi ya kahawia au ya kijani unayoiona kwenye sanamu za makumbusho si ya kupaka. Ni uso wa shaba wenyewe ukibadilika kwa hewa, chumvi au salfa, ama kwa miaka au kwa kuharakishwa na fundi. Ukiishi karibu na bahari utaiona ndani ya miezi. Ukiipenda rangi uliyoipata, pasha sanamu joto kidogo na uipake nta nyembamba ya nyuki.

Uanze na nini

Usianze na simba, wala na sura ya baba yako. Waasante wa Ghana, katika kutengeneza vipimo vyao vya kupimia dhahabu, wakati mwingine hawakutumia nta kabisa kwa umbo lenyewe: walichukua mbawakawa, mbegu au karanga halisi, wakaizungushia udongo na kuiunguza ndani ya kalibu, kisha wakamimina brasi mahali pake. Karanga moja yenye ganda lake ni somo zuri la kwanza. Haidai kipaji cha kuchonga, inakula metali kidogo, na ganda lake lina mistari midogo ambayo itakuambia bila kukuficha kama metali ilikuwa na joto la kutosha. Bandika mrija mmoja wa nta mnene upande mmoja na wa hewa upande wa pili. Karanga huacha majivu, tofauti na nta, kwa hiyo kalibu ikishaungua vizuri igeuze mdomo chini, igongegonge, na upulize kwa mrija mkavu kabla ya kuizika kwenye mchanga.